Kisanduku Kisichojaribiwa

Shirati,
9 Februari 1997

Mdogo wangu Luhaga,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako Okech na za watoto wote watatu. Sisi ni wazima, isipokuwa Okech anasumbuliwa na mgongo na hataki kukubali kwamba umri unakwenda. Sangara wamepungua huku, magari ya viwanda yanakuja na kuondoka nusu tupu. Mihogo imestawi. Natumaini wewe, wifi yangu Hellen na watoto mnaendelea vizuri. Baba anaendeleaje huko nyumbani Bujora? Najua yeye haniulizii, lakini mimi namuulizia.

Sasa nikueleze kilichonifanya nikuandikie. Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani kwa mwalimu wa Kabula, nikaona juu ya kabati lake kisanduku cha karatasi. Kwa mbele kimewekewa kioo, ndani kuna matete, mtumbwi na samaki, vyote vya karatasi nyeusi, na nyuma yake taa ndogo inawaka hadi unadhani jua linazama ziwani. Nikageuza nyuma nikasoma: L. Mihayo, Mwanza. Nilicheka peke yangu. Kumbe ndiyo kazi uliyoipata baada ya kile kiwanda cha nguo kuwapunguza.

Nataka unitengenezee kimoja, ila ndani yake uweke nyumba ya marehemu mama. Watoto wangu hawajawahi kuiona. Mimi mwenyewe imefika miaka tisa sijaiona, na nimeanza kusahau mlango ulielekea wapi. Naona aibu kuliandika hilo.

Kabula anaingia mwaka wa saba sasa. Juzi aliniuliza kama bibi yake aliyempa jina alikuwa anamjua. Nikamwambia alimjua kwa barua, na alifurahi. Nikatoa ile barua yako ya mwaka 1990 nikamsomea maneno ya mama: "Mwambieni Ng'washi, jina langu limepata miguu mingine." Alinifanya niyasome mara tatu.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Ng'washi


Mwanza,
20 Machi 1997

Dada yangu Ng'washi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa nafuata karatasi za manila na gundi kwa watu wasiotimiza ahadi. Sisi ni wazima. Hellen anakusalimu sana. Anasema umwambie shemeji mgongo hautibiwi kwa ubishi. Baba yuko salama, ila macho yamepungua na analalamikia kila mtu anayepita barabarani kwa nini hamsalimii, wakati wanamsalimia na yeye haoni ni nani.

Ni kweli dada, ndiyo kazi yangu. Miaka kumi na mmoja nilichora maua ya vitenge, siku moja tukaambiwa kiwanda kinatafutiwa mwenyewe, tukapewa mikono ya kwaheri. Nina meza sokoni, Makoroboi. Kwa vile umeitaja kazi yangu, acha nijisifu kidogo.

Nachukua boksi gumu, yale ya viwanda vya minofu ya samaki ni mazuri yakishakauka na kuacha kunuka. Ndani nalibandika karatasi za kung'aa za pakiti za sigara ili mwanga usipotee. Halafu nakata picha kwa wembe, tabaka kwa tabaka. La mbele ni vitu vya karibu, uzio na miti. La pili nyumba. La tatu milima. Kati ya tabaka na tabaka naweka vipande vya boksi upana wa kidole, ndiyo maana unaona kama unaweza kuingia ndani. Nyuma kabisa naweka karatasi nyembamba, laini, ambayo ndiyo anga. Taa ni glopu ya tochi na betri mbili, inakaa nyuma ya hiyo karatasi, na karatasi inausambaza mwanga. Madirisha nayatoboa moja kwa moja hadi hiyo karatasi ya nyuma, ili pale dirishani taa yenyewe ionekane kali, kama kuna mtu ndani.

Watu wengi hukosea kwenye karatasi ya nyuma. Ikiwa nzito, giza. Ikiwa na doa, doa linaonekana. Mimi kila kisanduku nakiwasha na kukitazama kabla sijakifunga.

Nitakutengenezea. Niambie unayokumbuka, nami nitaongezea.

Mdogo wako,
Luhaga


Shirati,
6 Aprili 1997

Mdogo wangu,

Asante kwa barua, na kwa mafunzo. Kabula amekwisha kukata daftari la hesabu la kaka yake kwa ajili ya kutengeneza chake, kwa hiyo ujue umetuletea ugomvi. Okech anasema salamu za mgongo zimefika.

Ninayokumbuka ni haya. Nyumba ya mama ilikuwa ya bati upande wa mbele na nyasi upande wa jikoni. Dirisha moja lilitazama barabara. Nyuma kulikuwa na mawe makubwa matatu, moja bapa ambalo mama alianikia mtama na nguo. Ghala lilikuwa kushoto. Kuku walilala kwenye mtungi uliovunjika.

Hao kuku usiwasahau. Unajua nilikuwa namchora kuku mmoja kwenye pembe ya chini ya kila barua niliyokutumia umsomee mama, kwa sababu yeye hakujua kusoma. Wakati naondoka nilikuwa sijamuaga. Nilitaka akiona karatasi tu, kabla hujafungua mdomo, ajue ni mimi. Nilikuwa nachora vibaya lakini yeye ndiye aliyenifundisha, kwa kijiti, kwenye vumbi pale jikoni.

Hilo limenikumbusha kitu. Barua zangu zilikuwa kumi na nne. Mama aliziweka wapi? Kama ziko kwenye sanduku lake ningependa kuzipata, watoto wazisome. Muulize baba, au kama hutaki kumuuliza, zitafute mwenyewe.

Mwaka 1993 nilipita Kisesa nikiwa kwenye basi, nakwenda Mwanza kumpeleka mtoto hospitali. Basi lilisimama pale watu wakanunua mahindi ya kuchoma. Ningeweza kushuka nikatembea hadi Bujora na kurudi kabla ya jioni. Lakini ulikuwa umeniandikia kwamba mama anasema nisije kwanza, baba bado ana hasira. Niliinamisha kichwa ili nisijulikane. Mpaka leo ninapokumbuka ninajionea aibu, kwa sababu mama hakusema nisimtazame hata kwa mbali.

Nasubiri kisanduku.

Ng'washi


Mwanza,
2 Juni 1997

Dada,

Shikamoo. Hatujambo. Mtoto wa mwisho alikuwa na surua, amepona. Baba anakula.

Kisanduku nakituma kwa Odeta, jirani yangu hapa sokoni anayeuza mitumba. Ana dada yake Shirati, anakwenda kumwona wiki hii. Nimemwambia akibebe mapajani njia nzima, asikiweke juu ya basi. Betri nimezifunga pembeni kwa karatasi. Ziweke mwenyewe, upande wenye chuma kilichotokeza utangulie ndani. Swichi ni ile ya nyuma. Usiwashe zaidi ya saa moja kwa siku, betri zitakufa.

Kuku nimewaweka wawili, na mtungi.

Kwa leo ni hayo tu, wateja ni wengi.

Luhaga


Shirati,
15 Juni 1997

Luhaga,

Tuko salama. Kisanduku kimefika bila kuvunjika, mshukuru Odeta.

Nilikiwasha Jumapili tulipotoka kanisani, nikafunga madirisha. Watoto walikaa chini. Ni nyumba ya mama kabisa, na ghala, na lile jiwe. Nilikuwa naanza kulia kwa furaha, Kabula akasema, "Mama, kwenye mawingu kuna maandishi."

Nikadhani ni nyufa za karatasi. Nilipokaribia nikaona ni herufi, ila zimegeuka, kama zinavyogeuka kwenye kioo. Kabula akakimbia kuleta kioo cha baba yake cha kunyolea akakishika mbele ya kisanduku. Nikasoma.

"Mama, nimejifungua mtoto wa kike tarehe 27 Agosti, mzima. Okech hakuninyima, amekubali tumpe jina lako. Sasa huku nyumbani anaitwa" na hapo mstari unaingia nyuma ya ukuta wa nyumba. Pale ambapo jina lingekuwa umetoboa dirisha. Hakuna karatasi, ni taa tupu. Kwenye pembe kuna kuku wangu.

Karatasi imejikunja mawimbi mawimbi kama iliyolowa, na kwenye pembe zote nne kuna vidoa vya udongo.

Hiyo ni barua yangu kwa mama. Imefikaje mezani kwako?

Ng'washi


Mwanza,
28 Juni 1997

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na familia. Sisi tunamshukuru Mungu.

Nimesikitika sana kwa jambo hilo. Nadhani ni mchanganyiko wa karatasi. Mama alipofariki nilichukua vitu vyake vichache ili visipotee, na barua zako nikaziweka kwenye kopo la biskuti pamoja na karatasi zangu za kazi. Karatasi zako zilikuwa nyembamba, zile laini za barua za ng'ambo, zinafanana na ninazotumia. Nitakuwa nimeshika moja bila kuangalia. Yale mawimbi ni kwa sababu siku ile nilipompelekea mvua ilininyeshea nikiwa kwenye baiskeli kutoka Kisesa, ikalowa mfukoni.

Ukikirudisha kwa Odeta nitabadilisha karatasi ya nyuma na kukuletea kisafi. Ni kazi ya dakika kumi.

Hellen anakusalimu.

Mdogo wako,
Luhaga


Shirati,
10 Julai 1997

Luhaga,

Sikirudishi.

Uliniambia mwenyewe kwamba kila kisanduku unakiwasha kabla ya kukifunga. Uliniambia doa likiwa kwenye karatasi ya nyuma linaonekana. Mtu anayejua hivyo hashiki barua ya dada yake bila kuangalia.

Kuna jambo jingine, na sikutaka kuliandika. Nimezitoa barua zako zote nilizokuwa nimezitunza, zile zenye majibu ya mama, nikazisoma tena kwa utulivu. Mama katika barua hizo anaongea kama wewe. Anataja maua. Mama hakuwahi kutaja maua maisha yake yote, alitaja mtama na mvua na nani amegombana na nani.

Nakuuliza swali moja, na usiniandikie salamu wala hali ya watoto mpaka ulijibu. Mama alisomewa barua zangu?

Ng'washi


Mwanza,
30 Septemba 1997

Dada,

Nimeanza barua hii mara nyingi tangu Julai. Hellen ananiuliza naandika nini, namwambia hesabu za meza.

Hapana. Hakusomewa hata moja.

Nitakueleza ilivyokuwa, siyo kwa kujitetea. Barua ya kwanza niliipeleka Desemba 1988. Nilipofika baba alikuwa amekaa na mama mlangoni. Ulikuwa umeondoka na Okech kabla mazungumzo ya ng'ombe wa mahari hayajaisha, na baba alikuwa amesema jina lako lisitajwe kwake. Barua nilikuwa nayo mfukoni. Mama akaniuliza mbele yake, "Hakuna barua?" Hakusema ya nani. Baba akanigeukia. Nikasema hakuna.

Nilipanga nimwambie mama jikoni. Jikoni baba akaja kuomba maji. Nikasema nitamwambia safari ijayo. Safari ijayo ulikuwa umeandika ya pili, na ya pili inasema "kama nilivyokueleza katika ya kwanza". Ningeisomaje bila kukiri ya kwanza? Basi nikasema hakuna tena. Kila mara aliniuliza na kila mara nilisema hakuna, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kushindwa kusema vingine. Baba hakunitisha, dada. Hakuwahi kuniuliza lolote. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke, nikamwogopa baba yangu kama mtoto aliyevunja chungu, na baadaye sikumwogopa yeye tena, nilikuwa namwogopa mama asijue nimemdanganya.

Wewe ulisubiri majibu, kwa hiyo nikayaandika. Jina kupata miguu mingine ni maneno yangu. Usije kwanza, baba ana hasira, ni maneno yangu pia. Ungekuja yangejulikana yote, ndiyo maana hata habari ya msiba nilikutumia baada ya mazishi.

Machi 1995, wiki ya mwisho ya mama, nilikuwa pembeni yake. Aliniuliza. Nikasema hakuna. Akasema, "Haya." Hilo neno ninalisikia ninapokata karatasi.

Kuhusu kisanduku, hukukosea. Barua zote kumi na nne nilikuwa nazo mimi, hazikuwahi kuwa kwenye sanduku la mama. Nilichagua ile kwa sababu imejikunja, nikajiambia itafanana na mawingu. Nikaibandika maandishi yakitazama taa, na kwa mchana hayaonekani. Halafu kila kisanduku nakiwasha kabla ya kukifunga, na hicho sikukiwasha. Nilikaa nacho mkononi, nikaweka gundi, nikakifunga. Sina hakika kama nilitaka ujue au nilitaka nisijue kwamba utajua. Jina sikulitoboa makusudi. Dirisha lilikuwa pale ulipolisema.

Naona aibu mpaka mikono inakataa. Tangu Juni sijatengeneza kisanduku kingine. Meza nimemwachia Odeta apangie nguo zake.

Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Nimeandika kwa sababu umeuliza.

Luhaga


Shirati,
19 Oktoba 1997

Luhaga,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mbele ya Okech, kwa sauti, kwa sababu nimechoka na barua zinazosomwa na mtu mmoja.

Siwezi kukuandikia maneno unayostahili. Kwa miaka saba nilidhani nina mama aliyenijibu. Nilizeeka kidogo nikiwa na furaha ya uongo. Na yeye alikufa akidhani nimeolewa nikamsahau. Ndilo linaloniumiza, kwamba aliondoka akiwa na mtoto mwenye kiburi, na mtoto huyo hakuwepo. Kabula bado sijamwambia kitu. Analala na kisanduku kando ya kichwa chake, sina ujasiri wa kumwambia bibi yake hakuwahi kulisikia jina lake.

Utafanya hivi. Utachukua barua zote, utakwenda Bujora, utamtoa baba ndani, na uwaite binamu yetu Chenge na watu wote wa nyumbani. Utakwenda nao kaburini kwa mama na utasoma barua moja hadi nyingine, kwa sauti, kwa tarehe. Kabla hujaanza utasema kwa nini unasoma leo. Usiseme zilipotea posta.

Ile ya 1990, ya Kabula, ninayo mimi ndani ya kisanduku na sikibomoi. Nimeinakili kwa kutumia kioo, nakala nimeiambatanisha. Pale ulipotoboa nimeacha wazi. Utajaza mwenyewe kwa mdomo wako.

Ng'washi


Mwanza,
24 Novemba 1997

Dada,

Shikamoo. Mvua hizi zimekata barabara mara mbili, ndiyo sababu ya kuchelewa, safari hii ni kweli. Watoto wanaendelea vizuri.

Nimekwenda. Jumamosi tarehe 15 nilishuka Kisesa nikatembea kwa miguu kwenye tope. Sikuwa nimewaambia. Baba alikuwa amekaa pale pale mlangoni. Nilimwamkia, nikamwambia nina kazi ya kufanya kaburini kwa mama na nahitaji awepo. Akaomba fimbo yake. Chenge, anayekaa naye siku hizi, akambebea kigoda. Wakaja na majirani wawili waliotuona tunapita.

Nilisema kama ulivyoagiza. Nilisema, "Hizi ni barua za Ng'washi kwa mama. Mama aliziulizia miaka yote, nami nilisema hakuna. Zilikuwa mfukoni kwangu." Jirani mmoja aliguna. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Kama kungekuwa na shimo jingine pale ningeingia.

Nikasoma. Ilichukua mchana mzima, Chenge akasema nipumzike, nikakataa. Baba alikaa ametupa mgongo, anatazama milima ambayo haioni. Nilipofika ile yako ya 1990, nikasoma, "Sasa huku nyumbani anaitwa," nikaona nafasi wazi. Nikasema, "Kabula."

Baba akasema bila kugeuka, "Hiyo ndiyo ililowa."

Nikamuuliza ameijuaje.

Dada, nakuandikia alivyosema, sikuongeza neno wala ua. Alisema, "Siku uliyokuja na mvua ulivua koti ukalala. Mama yako alilichukua alianike. Akaikuta mfukoni karatasi imelowa. Aliifungua, akamwona kuku. Akaitandika juu ya jiwe jua lilipotoka, akaweka kokoto nne, moja kila pembe, upepo usiichukue. Alikaa kando yake mpaka ikakauka. Hakwenda shamba siku hiyo. Nikamuuliza ni nini, akasema ni mtoto ameandika. Nikamwambia basi tumwamshe Luhaga atusomee. Akasema hapana, usimwaibishe, ataitoa mwenyewe akiwa tayari. Akairudisha mfukoni kama ilivyokuwa imekunjwa. Ulipoamka alikuuliza kama hakuna barua."

Nilikumbuka, dada. Alikuwa ameshika koti langu. Nilisema hakuna, akanivalisha.

Baba akasema tena, "Mimi hasira yangu ilikwisha mwaka ule ule. Nilikuwa nasubiri usome."

Sikuweza kumaliza barua zilizobaki. Alimalizia Chenge, ambaye anasoma kwa kuokoteza, na baba alimvumilia.

Kwa hiyo hakufa akidhani umemsahau. Alijua unaandika. Alijua pia mimi ni nani, miaka mitano kabla ya kufa, na kila nilipofika alinipikia. Sijui nifanye nini na hilo. Ningependa angenipiga.

Lile jiwe bado lipo. Nilikwenda kulitazama kabla ya kuondoka. Chenge ameanika mihogo.

Luhaga


Shirati,
7 Desemba 1997

Kwa Baba yangu, Mzee Mihayo, Bujora.
Kwa mkono wa Luhaga.

Luhaga, hii siyo yako. Ipeleke wiki hii hii na uisome kwa sauti, tangu hapa ninapokutaja. Ukifika penye aibu yako usiruke.

Baba, shikamoo. Ni mimi Ng'washi. Mimi ni mzima, Okech ni mzima, anakuamkia, na anasema yale mazungumzo ya ng'ombe yaliyokatika yuko tayari kuyaendeleza pale pale yalipoishia. Watoto ni watatu. Mkubwa ni mvulana, anafuata Kabula, halafu kuna mdogo anayependa ugomvi, wanasema amekufuata wewe.

Nimesimuliwa habari ya jiwe na kokoto nne. Nimemsimulia Kabula, na nimemwambia kwamba bibi yake hakusomewa jina lake lakini aliianika karatasi yake isiharibike. Kisha akaniuliza kama mjomba Luhaga alilia. Nikasema sijui. Akasema tukija atamwuliza.

Tunakuja, baba, kama unaniruhusu. Barabara zikipitika, baada ya Krismasi. Nitashuka Kisesa mchana, na sitainamisha kichwa. Kisanduku tutakuja nacho. Kabula anataka mjomba wake afungue nyuma amfundishe namna ya kuweka glopu, kwa sababu chake kimekataa kuwaka. Luhaga, hapo ni wewe unayesemwa, kwa hiyo chukua wembe wako urudi mezani kwako. Sijakusamehe yote. Nitakuambia yakiisha.

Baba, akimaliza kusoma mwambie akupe karatasi uishike mkononi. Najua macho yamepungua, kwa hiyo nimekandamiza kalamu kwa nguvu hadi imetokeza upande wa pili. Pitisha kidole kwenye pembe ya chini. Kuku yupo.

Mwanao,
Ng'washi